Mama, Chai Yako Imefika Komini

Mama,

Leo nimepita kwenye jengo ulimokuwa unakaa. Sikwenda kulia, nimeshalia vya kutosha, na unajua mimi nikianza sikomi. Nilikwenda kumsalimu Papa Déo, jirani yako wa chini, ambaye sasa magoti yamemkatalia. Niliyoyakuta pale yamenifanya nitembee mpaka kituo cha Flagey nikitabasamu peke yangu. Ngoja nikueleze taratibu, maana kisa hiki ni chako.

Unakumbuka ofisi ya komini, serikali yetu ya mtaa, inayohudumia wazee ilipokutumia mtu wa kukuogesha. Ulikuwa umetoka hospitali, mkono wa kulia umelegea, nami naishi mbali, Berchem, siwezi kufika kila asubuhi. Wakamtuma Thomas, kijana mpole, rika la mtoto wako wa mwisho. Mama wa Bukavu avue nguo mbele ya kijana wa kumzaa mwenyewe? Hapana. Lakini mgeni naye hafukuzwi mlangoni. Ukamkalisha, ukammiminia chai ya maziwa na tangawizi, ukamuuliza habari za wazazi wake. Muda wake ukaisha, akaaga. Kesho yake vilevile. Naye, akidhani uko vizuri, akaripoti kwamba huhitaji kuogeshwa. Ofisi ikakata huduma bila mtu yeyote kukupigia hata simu.

Niligundua Jumamosi moja nilipokuta taulo lako kavu, limekunjwa vilevile nilivyoliacha. Nilipokuuliza ukaangalia dirishani. Mama, siku ile niliumia. Wewe uliyekuwa unatupaka mafuta mpaka nyuma ya masikio kabla ya misa, ulikuwa unajifuta na kitambaa kwa mkono mmoja, halafu unaficha.

Nilitaka kumshtaki Thomas. Nilikuwa nawaka. Ukakataa. Ulivaa kile kitenge chako cha kwendea harusi, ukashika kigari chako cha kutembelea, tukapanda basi kwenda komini kwa yule mama anayepokea malalamiko. Nilijiandaa kusema kwa niaba yako. Ukanigusa goti ninyamaze. Ukamwambia kwa Kifaransa yaleyale uliyokuwa umeniambia ndani ya basi: "Ule mutoto musimufukuze juu yangu. Chai ni mimi nilimupa. Bon, mimi sikusema, ni vrai, ni kweli. Lakini ni nani aliniuliza?"

Yule mama aliacha kuandika. Nami nilikaa pale nimejaa fahari.

Walikutumia mwanamke wa makamo wiki iliyofuata, na ulinukia sabuni hadi siku yako ya mwisho. Lakini barua ya kujibu malalamiko yako ilikuja baada ya kukuzika. Walikiri kwamba haki ilikuwa yako, wakaomba radhi, wakaahidi kubadilisha namna wanavyofanya kazi. Niliisoma nimesimama jikoni kwako katikati ya makatoni, nikakasirika. Radhi inamfaa nini mtu aliyelala? Na ahadi za ofisi tunazijua. Nikasema watasahau kabla nyasi hazijaota kaburini.

Hawakusahau, Mama.

Papa Déo ameniambia kwamba kabla hajaanza kuogeshwa, alikuja mtu akakaa naye, akamuuliza angependa aogeshwe na mwanaume au mwanamke, aitwe nani, na jambo gani halitaki lakini anaona haya kulisema. Siku akikataa kuoga, hawamfuti kwenye orodha. Anarudi mtu kumuuliza kwa nini. Yeye alichagua mwanaume. Tukiwa bado tunaongea kengele ikalia, akaingia Thomas. Alinitambua mara moja kwa ile picha yangu iliyokuwa ukutani kwako, akaniita dada.

Papa Déo, unamjua, akaanza kutafuta vikombe. Thomas akamshika mkono kwa heshima, akamwambia kwa Kifaransa kwamba kuoga ni kwanza, chai ni baadaye. Neno chai alilisema kwa Kiswahili, kama ulivyomfundisha. Ilibidi nigeukie ukutani kidogo.

Walipomaliza, Papa Déo alitoka anang'aa, shati limefungwa mpaka shingoni, na ndipo tukanywa sote. Thomas akaniambia kuwa siku hizi kila anayeanza kazi pale anasimuliwa habari ya mama mmoja aliyemkaribisha chai mtu wa kumwogesha. Jina lako hawalitaji. Ofisi inauliza kama ningekubali kuja kuwasimulia mwenyewe.

Nikaaga haraka, nikaondoka. Unajua nilivyo: hata kwa daktari, jino linaniua, nasema ça va, sijambo. Hilo nimelirithi kwako. Lakini nilipofika Flagey nikakuona tena umekaa mbele ya yule mama wa malalamiko, mkono umelegea, sauti haijalegea. Kama wewe uliweza, mimi najificha nini?

Kwa hiyo pumzika, Mama, wala usiwe na wasiwasi nasi. Nakuahidi nitakwenda. Nitavaa kitenge chako na kubeba ile chupa yako ya chai, imejaa. Ila hakuna atakayemiminiwa kikombe mpaka niwe nimemaliza kusema.

Mutoto wako,
Furaha