Matofali Chini ya Kitanda

Baba Neema,

Nyie wa Usevya mmeamkaje? Mimi hapa Mpanda hospitali nacheka mpaka mishono inavuta. Lile tumbo lililopanda kifuani wamelishusha, wakalifunga lisipande tena, na jana daktari akaniruhusu kulala bila kuinua kichwa. Niliogopa. Nikalala chali nikisubiri kiungulia, hakikuja, nikaanza kucheka. Bibi wa Kisukuma wa kitanda cha pili akauliza nimepatwa na nini. Nikamwambia nimelala kama watu. Akacheka na yeye, akanimiminia uji wake.

Sasa yatoe yale matofali uliyoniwekea chini ya kitanda kukiinua upande wa kichwani. Miaka yote umeteleza mpaka miguuni na hujawahi kulalamika. Leo lala sawa, mume wangu.

Mama Neema