Msio wa Mama Uko Ukutani

Dadangu Mwanaidi,

Zuhura hakuiba msio wa mama. Niliuchukua mimi nduguyo, na wala sikwenda nao mbali. Uko papa hapa Likoni, chini ya nyumba yetu, ndani ya ukuta.

Keti kwanza. Ukimaliza kunitukana, endelea kusoma.

Wakumbuka masika yale ukuta wa chumba cha chini ulipofura tumbo? Kile chumba cha mteremkoni, ambacho utotoni ulinambia kina jini ili nikuachie korosho zote. Ulikuwa umekuja kututembelea kutoka Shanzu. Niliposema nitaujenga upya mwenyewe na Fundi Karisa, ulicheka mpaka ukashika mlango. "Wewe? Wewe hata kitanda cha mwanao kilikushinda!"

Neno lile liliniingia. Nikaapa ukuta uishe kabla hujarudi kwako. Basi tukafika juu, likabaki tundu moja, na mawe yamekwisha. Fundi akasema, "Lete jiwe lolote, mzee, chokaa isinikaukie."

Nikapanda uani. Msio ulikuwa pale penye mfereji, wewe umeuosha ukauanika, jiwe la matumbawe kama yale mengine. Nikisema sikuutambua nitakuwa nakudanganya. Mama aliwasugulia manukato ya liwa mabibi harusi wa mtaa mzima kwa msio ule, wewe ukiwamo. Lakini tundu lile, dada! Uliingia kama jino kwenye ufizi. Nikajiambia, kesho nitautoa.

Mara wewe ukatoka nyumbani. "Msio uko wapi?" Kabla sijafungua mdomo ukajijibu: "Ni Zuhura! Jana alikuja kuuazima nikamnyima." Nikatikisa kichwa. Wallahi nilitikisa kwa mshangao. Wewe ukadhani nakuunga mkono, nami nikakuacha udhani hivyo. Ukapanda kwenye ndoo ukaita juu ya ua, "We Zuhura! Rudisha cha watu!" Naye, shoga yako tangu madrasa, akakujibu, "Njoo unipekue! Ukikosa, uniachie huo ulimi wako hapa!"

Ndiyo ikawa mwisho wa nyinyi kusalimiana.

Ukuta nao haukunisitiri. Kila mvua ikinyesha, chumba cha chini chanukia liwa. Wageni huniuliza, "Muna harusi?" Nasema ni sabuni. Siku moja Zuhura alipita njia ya nyuma, akasimama, akavuta pumzi. "Hapa panukia mamake Mwanaidi," akasema peke yake, akaenda zake akifuta macho kwa mtandio. Mimi nilikuwa nimechutama nyuma ya pipa. Mtu mzima, ndevu zina mvi.

Na juzi umenipigia simu ukilia. Binti yako aolewa, singo ya kumsugua manukato ni Ijumaa, na Zuhura, aliyembeba mtoto huyo tangu ana siku saba, amekataa kuja. "Siingii kwa mtu aliyeniita mwizi." Ukaniomba mimi, dada, mimi! niende nikamsihi, eti kwa kuwa nina maneno mazuri.

Nimemuuliza Fundi Karisa. Ameutazama ukuta, akanitazama mimi. "Ukilitoa jiwe hilo, mzee, ukuta wote utalifuata." Na ulifuate. Ukuta nitaujenga tena. Nyinyi wawili sina fundi wa kuwajenga.

Basi sikiliza. Alhamisi hii, baada ya sala ya adhuhuri, nitautoa. Nitaubeba kichwani nipite barazani watu wakiwa wamejaa, mpaka mlangoni kwa Zuhura, na nitaita kwa sauti ile ile uliyomwitia wewe: mwizi ni mimi. Wewe nawe una lako la kumwambia, hilo sitakusemea. Akiniwia radhi, nitamkabidhi msio aje nao mwenyewe kwako siku ya singo. Asiponiwia, nitauleta mimi. Mkimaliza kumsugua bibi harusi kwa liwa, utanisugua mimi kwa jiwe tupu.

Ni mimi nduguyo,
yule ambaye kitanda kilimshinda.