Jina Lako Liliwaka Jumatatu

Dada Nanjala,

Hapa Kitale mvua imeshika na mahindi ya watu yamefika magotini. Nakuandikia kwa kalamu, maana kwa kompyuta sithubutu. Nitakueleza sababu.

Wiki tatu baada ya kukuzika nyumbani Bungoma, saa ya chakula cha mchana niliingia saiba, ile nyumba ya kompyuta za kukodi iliyo karibu na ghala ninakopima magunia. Sikuwa na hamu ya kucheza. Nilitaka tu kuuona ule mchezo wetu wa gofu, mahali tulipokutana kila Jumatano mchana, wewe ukiwa Bungoma na mimi huku. Nikafungua. Taa ndogo ya kijani ikawaka kando ya jina lako, maana yake umeingia mchezoni.

Dada, niliufunga mchezo nikaufungua tena, na taa bado ilikuwa inawaka.

Nikasema ni mwizi, mtu amepata paswadi yako. Nikaanza mchezo naye nimjue. Mpira wake wa kwanza ukaingia majini. Wa pili, majini. Nikapumua. Hukuwahi kucheza ovyo namna hiyo. Lakini tulipofika kwenye grini, ile nyasi fupi yenye shimo, na ilikuwa grini mbaya inayoinamia kulia, niliona alama ya kulenga ikienda juu ya shimo, ikatulia kidogo kama inabisha hodi, halafu ikasogea kushoto, upande wa juu, mara tatu. Moja. Mbili. Tatu. Mpira ukasukumwa pole, ukapanda, ukapinda, ukaishiwa mwendo mdomoni mwa shimo, ukatumbukia.

Nani mwingine anasukuma hivyo? Si ni wewe ulinifundisha? "Wanyonyi, wacha nguvu, bana. Ukigonga sana mpira hausikii mteremko, unapita tu. Ukisukuma pole unausikia wote. Chagua mwendo kwanza, ndio ulenge." Ukaniambia nitazame nukta zinazotembea juu ya nyasi: zikikimbia, nilenge mbali na shimo, zikitambaa, nilenge karibu. "Na usilitazame shimo. Tazama pale mpira utaanzia kugeuka."

Nikaandika pale chini: "Wewe ni nani?" Kimya. Nikaandika: "Nanjala?" Taa ikazima.

Jumatano iliyofuata ukaja tena. Na nyingine tena. Kila mara ni yale yale: mipira mirefu inapotea kama ya mtu asiyeona vizuri, halafu kwenye grini mkono ni wako. Nikianza kuandika, kimya. Niliacha kula mchana. Ghalani nilipima gunia moja mara mbili, msimamizi akaniuliza kama ninaumwa.

Wacha niseme lile ambalo sijamwambia mtu. Siku uliyofariki nilikuwa saiba. Ulikuwa umeniita mara mbili kwa simu ukisema, "Njoo unione," na mimi nikasema Jumapili, Jumapili, kazi ni nyingi. Jumamosi hiyo nilikaa mbele ya mashine nikingoja jina lako liwake, eti nicheze na wewe ukiwa kitandani na simu yako. Nilisahau kwamba simu yako haiwezi mchezo ule. Nilikuwa nangoja mtu ambaye tayari alikuwa amelala chini ya shuka. Kwa hivyo taa ile ilipowaka nilijua umekuja kuniuliza.

Jumatano ya tano niliomba ruhusa, nikashuka Bungoma asubuhi. Sikupitia nyumbani. Nilienda moja kwa moja saiba yako, nikasimama mlangoni. Kwenye mashine yako, ile ya dirishani, kulikuwa na kofia ya manyoya ninayoijua.

Baba.

Baba yetu, aliyekuwa anasema kompyuta ni televisheni ya wavivu! Miwani puani, kidole kimoja juu ya kipanya, ulimi nje kama mtoto wa nasari. Hakushtuka kuniona. Akasema, "Kaa. Huyu mwenzangu hajaingia leo."

Nikamwambia, "Baba, mwenzako ni mimi."

"Najua ni wewe. Si ndiyo sababu nakuja?"

Akanieleza. Zile wiki za mwisho ulimwomba alete sinia na mbegu ya njugu. Ukainamisha sinia juu ya magoti yako, mkawa mnasukuma mbegu, wewe na yeye, hadi akajua. Ukamwambia, "Baba, soma kama unachimba mtaro. Uliza maji yataenda wapi." Mzee aliyechimba mitaro ya shamba miaka arobaini! Ukampa paswadi, tarakimu tupu, kwenye kikaratasi. Ukamwambia, "Wanyonyi asicheze peke yake."

Nikamuuliza mbona hakunijibu hata neno moja. Akatazama chini. "Nilikuwa naona maneno yako. Sikujua pale pa kuandika ni wapi. Nikaona aibu kuuliza."

Nililia pale pale, Nanjala, watu wakinitazama. Baba akanipa leso yake, akageukia kioo, akasema, "Ebu nionyeshe hii ya kupiga mbali. Hii gorofu yenu ina maji mengi sana."

Ingeishia hapo ningekuwa nimepona.

Jumatatu iliyopita Baba alikuja Kitale kupimwa macho. Tulipotoka kwa daktari akataka kuona mashine ninayochezea. Tukakaa wawili kwenye benchi moja, saa saba mchana, jua kali, redio ya kinyozi ikisikika kutoka nje. Nikafungua kwa jina langu.

Taa ikawaka kando ya jina lako.

Nilimtazama Baba. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti. Akaingiza mmoja mfukoni polepole, akatoa kikaratasi. Bado kimekunjwa vile ulivyokikunja. Hakuna mtu mwingine mwenye paswadi ile.

Mpira wa kwanza ulienda katikati, mrefu, safi. Wa pili ukaangukia kwenye grini. Halafu alama ikaenda juu ya shimo, ikatulia. Nikasikia Baba akihesabu chini ya pumzi: moja, mbili, tatu. Mpira ulitambaa, ukageuka pale unapogeuka, ukaingia.

Sikuandika kitu. Baba alivua kofia, akaiweka mapajani. "Mulembe, mwanangu," akakisalimu kioo kwa lugha yetu, sauti ya kawaida kabisa, kama umeingia jikoni. Jina lako likakaa hapo bila kucheza. Dakika nzima. Halafu likazima.

Nilimsindikiza hadi stejini, kwenye magari ya Bungoma. Alipopanda tu gari akaniambia, "Usimweleze pasta." Sijamweleza.

Sijui ulikuwa nani, dada, kama si wewe. Siulizi tena. Ule woga wa kwanza, wa mtu anayedaiwa jibu, umeniacha. Uliobaki ni mwingine, hauniumizi.

Pumzika huko uliko, na kama kupumzika kwako ni kucheza, basi cheza. Nakuahidi haya: paswadi haitabadilishwa, na Baba hatakaa peke yake. Kila Jumamosi nashuka Bungoma namfundisha kuandika kwa kompyuta. Ameshajua herufi za jina lako, anazitafuta moja moja kwa kidole.

Ukiingia tena, usiondoke haraka. Mngojee amalize neno.

Ndugu yako,
Wanyonyi