Shati la Kesho

Ijumaa, Juni 1974

Na kwa nini iwe Jumamosi? Wiki ina siku nyingine sita, lakini mahojiano ya kazi wameyaweka siku yetu ya Sabato.

Mkuu wa chuo cha ualimu alipita kiwandani leo, akanikuta mezani na hesabu zangu za majani chai. "Karani," akasema akicheka, "kwetu nafasi ya mkufunzi haipatikani mpaka mtu afe. Sasa mmoja amekufa. Usipokuja kesho, subiri mazishi mengine."

Nami nikacheka. Moyoni sikuhisi kitu. Woga ulinijia baadaye, nikipanda mlima kwenda nyumbani.

Nilimkuta Mama akiharakisha kupika kabla jua halijatua, kama kila Ijumaa. Nilimweleza yote. Alitia makaa kwenye pasi, akanyoosha shati langu jeupe, nililo nalo moja tu, akalitundika msumarini.

"Liko tayari," akasema. "Liende kanisani, liende chuoni, mvaaji ni wewe."

Nimekaa nalitazama. Nikiikosa nafasi hii nitazeekea kiwandani. Nikienda...

Afadhali angenikataza.