Kiziba cha Mama Mukwe Kimetakata

Mama Clotilde wa redio, hapa Kikula muntu wa bahati kama minye hamutapata mwingine: niliombea kiziba cha samaki cha mama mukwe Philomène, na maji yake, yaliyokuwa ya kijani kama sombe ya majani ya muhogo, yakatakata mpaka unahesabu vidole vya muguu chini, na minye nilifika Kolwezi, Kasumbalesa, hata Ndola, sijaona maji ya vile, sasa majirani wanachota na mabidon, mama mukwe anapiga kigelegele, "Mukwe wangu ni nabii!", pasteur ametangaza dimanche, siku ya ibada, kanisa yote itakunywa kikombe kikombe, ni muke wangu Arlette tu ananiangalia kwa pembeni, sababu anajua ninauza dawa sokoni, anajua antibiotiki zangu mifuko miwili zilipita muda, nikasikia wakaguzi wanakuja, nikazimwaga zote mu mufereji unaoingia kizibani, juma mbili tu ile kijani ikakufa, na tilapia waliokuwa wanaikula wamekonda, wamebaki kichwa na macho. Naomba musaada, mama. Kwetu mukwe hasimame hata mbele ya mama mukwe, nitamwambia namna gani? Nikinyamaza, watu watakunywa.

Na ile maombi, sikuomba kitu. Hata amina sikusema.

Pitshou

Pitshou, nabii wa vidonge, minye Mama Clotilde nilicheka mpaka machozi, kisha nikakasirika. Weye haukusafisha maji, uliyaua. Ile kijani ni chakula cha samaki, na dawa ya kuua mikrobe inaiua nayo. Tena haiishie hapo: maji yetu yanashuka mutoni Lufira, yanaenda mbali mpaka bahari, na kule kuna mwani, majani ya maji ya chumvi, unaoumizwa na dawa za watu wa kumwaga ovyo kama weye. Mukono wako ni murefu, baba!

Najua mukwe haangalie mama mukwe usoni. Lakini kusimama nyuma ya ukuta na kupaza sauti, nani alikukataza? Enda leo, Arlette akae katikati, useme: "Mama, ni minye nilimwaga dawa." Atakutukana. Usikimbie, maliza. Kisha ziba mufereji kwa udongo, vidonge vilivyobaki peleka kwa mufamasia wa hospitali, samaki wasiliwe wala kuuzwa. Pita nyumba kwa nyumba uwaambie majirani wasinywe, na aliyekwisha kunywa aende kwa daktari.

Dimanche pasteur akikuita mbele, enda. Sema ulichomwaga, kisha ukae chini.