Kinu Nilichokiuza Kabla ya Kukilinda

Bukavu, Alhamisi. Mvua tangu alfajiri, ziwa halionekani.

Wasomaji wangu, niwieni radhi kwa kimya cha siku hizi. Sikuugua. Niliogopa kuandika, maana sijui tena ni nani anayenisoma.

Mnakikumbuka kinu changu cha kutwangia sombe, majani ya muhogo, kwa mguu. Mama anaketi, anakanyaga, mchi unashuka, kisha springi ya pikipiki kuukuu inaurudisha juu. Mwaka jana niliuza vitatu Mudaka na kimoja Kasha. Nimefundisha miaka mingi. Siwezi kutoa chombo bila maelezo. Kila kinu kiliondoka na karatasi yangu yenye mchoro, vipimo vyote, tarehe na sahihi.

Wiki iliyopita alikuja mgeni, akasema ametoka Kamanyola. Hakugusa mchi. Hakuuliza bei. Aliuliza kinu cha kwanza kiliuzwa lini, na kama ile karatasi ipo. Nikampa nakala. Nilifurahi hata kuona anavyoisoma kwa makini.

Mtu anayetaka kutwanga sombe, tarehe ni ya nini kwake?

Jumapili binti yangu Furaha, ambaye ni mwanasheria, alinikuta nikijaza fomu ya kuomba hataza, yaani breve, ili mtu mwingine asitengeneze kinu changu na kukiuza. Nikamsimulia habari za mgeni.

"Papa, ulishauzisha? Na tarehe ukaandika?"

Nikajibu kwamba kazi njema haifichwi.

"Basi haiko tena mupya. Huyo mutu ataonyesha tu karatasi yako, na breve inaanguka."

Alinieleza kwamba hataza hulinda kitu ambacho umma haukukijua kabla ya ombi kuwasilishwa. Ziko nchi zinazomwachia mvumbuzi muda kidogo baada ya kuuza. Hapa kwetu, alisema, nisitegemee hilo.

Kumbe sikuibiwa. Niligawa mwenyewe.

Kimebaki kitu kimoja: sahani mpya inayogeuza majani chini ya mchi, ili mtu asiingize mkono. Hakuna mtu wa nje aliyeiona, na namna ilivyoundwa siiandiki hapa. Furaha anasema hiyo bado inaweza kuombewa, mradi isitoke humu ndani kwa majuma kadhaa, mpaka ombi liwasilishwe, hata kama zawadi. Nimeifunika blanketi. Juzi mke wangu alipoikaribia na ufagio, nilimuuliza anatafuta nini.

"Vumbi, Papa Furaha. Ao nayo imetoka Kamanyola?"

Sikucheka.

Maman Nsimire wa Kasha, aliyenunua kile kinu cha nne, alipondwa vidole viwili akisukuma majani kwa mkono. Sahani hiyo niliibuni kwa ajili yake, nami nilimwahidi kumpa Jumamosi hii. Anaendelea kutwanga, watoto wanakula kwa sombe hiyo. Jana alipiga simu kuuliza kama iko tayari. Nami, Mungu anisamehe, nilijiuliza ni nani aliyemtuma.

Keshokutwa atabisha hodi, mkono umefungwa kitambaa. Nitampa au nitamnyima. Nikishaamua nitaandika hapa, hata kama ni jambo la kunitia aibu.