Reki Iliyotupatia Kitanda

Shikamoo Mama,

Vumbi la Voi bado linakusumbua? Mimi na Baraka tumekodi karavani, ile nyumba ndogo inayovutwa na gari, tukaja kwenye kambi ya karavani ziwani, nje kidogo ya Stockholm. Tulipofika tukakuta wazee wa Kiswidi wanakusanya nyasi zilizokatwa. Nami ulivyonilea, nitasimamaje nikitazama wakubwa wakifanya kazi? Nikashika reki, Baraka akasukuma toroli, hadi tukatoka jasho. Baadaye tukapewa kahawa na mikate ya mdalasini.

Ndipo mwenyekiti wa chama chao, mama mmoja mkali, akatuuliza, “Nyinyi mmejiunga lini?” Nikamwambia hatujajiunga. Kumbe kambi ni ya wanachama tu! Baraka akaanza kutafuta funguo za gari.

Yule mama akaigeukia karavani moja yenye mapazia yaliyofungwa, akapaza sauti: “Kuna wanachama wamejificha humo tangu asubuhi wakikwepa kazi. Hawa wageni watalala pale karibu na maji!”

Pazia likatikisika, Mama. Nilicheka mpaka kahawa ikanimwagikia.

Nakuandikia miguu ikiwa ziwani. Zile kelele zako za “inuka, wasaidie wenzako!” zimefika hadi Uswidi. Mungu akutunze.

Mwanao, Mkawasi